Kambi ya upasuaji wa mabusha: nyota nne, ya tano imebaki mapokezi

Wakuu habari zenu. Watu huwa mnasifia mabasi, vifurushi vya simu, kuku wa kuchoma, leo mi naleta operesheni ya busha. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, afu tuendelee.

Mgonjwa sio mimi, ni mzee wangu, na ruhusa ya kuandika kanipa mwenyewe kwa sharti kwamba jina lake lisionekane wala la hospitali. Kwahiyo we jua tu ni hospitali moja ya pwani ya kusini, ya serikali, na kambi ilikuwa ya siku tano. Daktari mpasuaji nae simtaji, hakuniomba nimtangaze.

Mzee ni mkwezi. Kwa wa bara msiojua, mkwezi ni yule anayepanda mnazi na kamba miguuni na panga kiunoni, anaangua nazi analipwa kwa mnazi. Enzi zake minazi thelathini kwa siku haikuwa habari. Sasa miaka kama 12 nyuma huko akaanza kusema magoti yanamsumbua, akaacha kukwea. Sisi watoto tukaamini magoti, mi mwenyewe nilimnunulia dawa ya kuchua magoti chupa mbili, sijui alikuwa anaipeleka wapi ile dawa. Baadae baiskeli akanipa mimi, anasema umri. Suruali zikaisha taratibu ikawa msuli na kanzu pana muda wote. Msikitini alikuwa mtu wa safu ya kwanza kabisa, akarudi ya pili, akarudi mlangoni, mwisho anaswali nyumbani. Harusini haendi, mzikoni anakaa pembeni dakika tano kaondoka. Yani mtu anapungua mbele ya macho yenu na mnakula nae sinia moja.

Nilivyojua ndo hivi: mama alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia mimi usiku taa imezimwa. Pwani baba na mtoto wa kiume hawakai wakaongelea vitu hivyo, mkishaongea mtatazamanaje asubuhi. Kumbe alishawahi hata kwenda kwa mtu akamnyonya maji kwa sindano, busha likashuka, miezi kadhaa likajaa upya na safari hii likatunga usaha akalala na homa wiki nzima, sisi tukaambiwa malaria.

Na kosa lote alilitupia madafu. Si mnajua ile imani yetu, mwanaume akinywa sana madafu anapata mshipa, yani busha. Sasa huyu ni mkwezi, kanywa madafu tangu yuko na meno ya utoto, kwahiyo kichwani kwake alikuwa kajihukumu mwenyewe, ni adhabu ya ulafi wake. Akaacha madafu kabisa, anawaangulia watu wanakunywa yeye anaangalia. Baadae hata kuangua akaacha.

Sa siku hiyo ikapita Noah ina spika juu, inatangaza kambi ya upasuaji wa ngirimaji, bure, wote mnakaribishwa. Mzee alikuwa barazani anasuka makuti, akajifanya hasikii. Usiku nikamwambia baba kesho kutwa nataka unisindikize mjini nina shida zangu. Akaniangalia, akasema haya. Wote tulijua.

Mapokezi

Hapa ndo nyota imepotea na nitasema bila kupepesa. Tumefika saa moja asubuhi, ukumbi umejaa, kina mama wapo na watoto wa kliniki, kuna watu wa macho, kuna watu wa kisukari. Yule kijana wa kaunta anasimama juu ya benchi anapiga kelele: wa mabusha mstari huuu, wa macho kuleee! Kwa sauti ile ile ya wapiga debe wa stendi. Nikaona wazee sita saba wanatazama chini, hakuna anayenyanyuka. Mmoja akatoka nje moja kwa moja na mpaka tunaondoka siku ya nne sikumuona tena. Mtu kakaa na siri miaka ishirini, kapata ujasiri wa asubuhi moja, unaumaliza kwa sekunde tatu za kelele zako.

Mzee alikaa kwanza, afu baada ya dakika kama kumi akanyanyuka akaenda kwenye mstari. Sikuthubutu kumuangalia. Kitu kimoja kilimsaidia, ule mstari ulikuwa mrefu. Alikuwa anadhani kijijini yuko peke yake, kumbe mbele yake kasimama mtu anayemjua, muuza samaki, nae na msuli wake, na wote wawili wakajifanya kushangaa, ah na wewe? Bwana afya aliyekuwa anatoa elimu pale akasema shirika la afya duniani linakadiria wanaume zaidi ya milioni 25 wana tatizo hili duniani. Milioni 25! Mzee akageuka kwa muuza samaki akasema sasa hao wote walikunywa madafu ya nani.

(Siku ya pili ile kelele haikuwepo. Walibandika karatasi imeandikwa chumba namba 4, na kijana anaita chumba namba 4 basi. Niliuliza nikaambiwa daktari alisikia siku ya kwanza akaja mwenyewe kaunta. Alichomwambia sijui ila kijana alikuwa mpole kama maji ya mtungi.)

Daktari mwenyewe

Mzee akaingia chumba namba 4, hazijaisha dakika mbili katoka. Uso umekunjwa. "Twende nyumbani." Kuna nini? "Daktari mwanamke."

Nikaishiwa pozi. Mtu wa miaka sitini na, aliyeshindwa kumwambia mwanae wa kumzaa, leo afunue msuli mbele ya binti wa umri wa mdogo wangu. Nilimuelewa kwakweli. Akatoka nesi wa kiume, hakumvuta wala kumsihi, akasema mzee wangu daktari anakusalimia, anasema usijisikie vibaya, yupo mwenzake wa kiume anafika kesho kutwa, ukitaka atakufanyia yeye na nafasi yako ipo palepale haipotei. Akarudi ndani. Nikasema duh, huyu daktari anajua kazi yake, maana angemfuata mzee kumshawishi tungekuwa tushapanda bajaji.

Tukakaa benchi la nje tunasubiri jua lipungue. Mbele yetu kuna kibaraza, na hapo kulikuwa na mzee mwingine mwenye matende, mguu umevimba kama shina, ngozi imepasuka pasuka, unatoa harufu nisifiche. Watu wamemuachia benchi zima peke yake. Yule daktari akatoka na beseni, maji, sabuni ya kipande ya kawaida tu, akakaa kwenye kistuli kifupi chini ya yule mzee akaanza kuosha ule mguu. Taratibu. Akafuta katikati ya kidole na kidole kwa kitambaa, huku anamfundisha mke wake, hapa ndo unyevu unakaa, hapa ndo vijidudu vinapoingilia, ukaushe hivi kila siku, na akilala mguu uwe juu. Dakika ishirini nzima. Kazi ambayo angeweza kumuagiza mtu yeyote pale.

Mzee wangu alikuwa anaangalia tu, hasemi. Afu akanyanyuka, akakung'uta kanzu, akasema, "Huyu hawezi kunicheka." Akarudi namba 4.

Ya ndani kanisimulia mwenyewe baadae, na hilo peke yake kwetu ni muujiza. Anasema kamuamkia, shikamoo baba, akamkalisha, hakugusa kitu wala hakusema vua. Alichukua faili akauliza swali moja: baba, tangu hili lianze, umeacha nini?

Mzee hakuelewa. Umeacha kufanya nini, vitu gani ulikuwa unavifanya huvifanyi. Mzee akaanza kutaja, kukwea, baiskeli, safu ya mbele, harusi, madafu. Anaandika yote. Lile faili nimeliona kwa macho yangu, chini ya presha na sukari na wingi wa damu kuna mstari wa kalamu ya bluu: ameacha kukwea minazi, baiskeli, safu ya mbele msikitini, harusi, madafu. Nimekaa nalo mkononi pale korido nikasoma mara tatu. Miaka 12 niliyokuwa naona magoti, mtu kaisoma dakika tano.

Ndo akamuangalia, kwa tochi, anaweka mwanga upande mmoja aone kama unapita upande wa pili, maji yanapitisha mwanga, utumbo ulioshuka haupitishi, hapo ndo anatenganisha busha na ngiri ya kawaida. Akamueleza kwamba korodani imevikwa utando wenye tabaka mbili na maji yamejaa katikati yake, na chanzo kwa huku kwetu ni minyoo midogo kama nyuzi inayoletwa na mbu, hiyo hiyo inayoleta matende, inakaa kwenye mishipa ya maji ya mwili miaka na miaka inaiharibu, na mara nyingi mtu anaambukizwa akiwa mtoto, busha linakuja kutokeza ukubwani. Zile dawa za kingatiba tunazogawiwa kijijini zinaua watoto wa hao minyoo wasisambae kwa wengine, ila busha likishajaa vidonge havilirudishi, ni kisu tu. Na madafu? Madafu hayana kesi baba.

Mzee anasema hapo alitaka kulia.

Siku ya operesheni

Hapa napo nina lawama, ndogo. Waliambiwa wasile kitu tangu saa sita usiku, operesheni saa mbili asubuhi. Saa mbili ikapita, nne, sita, wazee wamekaa na njaa zao hakuna anayesema kitu. Kumbe ameletwa mama mjamzito wa dharura na thieta ni moja. Sawa, nani atagomba na mjamzito, lakini si mtu atoke atuambie. Saa saba daktari akatoka na kofia yake ya thieta kichwani, macho mekundu, akaja mpaka kwenye mkeka akachuchumaa, akasema wazee wangu nimewakosea, nilitakiwa niwatumie mtu tangu saa tatu nikasahau, mama na mtoto wazima, nani ana sukari aanze yeye. Hakutaja umeme, hakutaja serikali, hakumtupia nesi. Muuza samaki akasema daktari mwanangu hata ukituambia tusubiri mpaka Ijumaa tutasubiri, nikamuangalia kwa jicho baya maana mi nilikuwa na njaa pia.

Ganzi ni ya mgongoni, mtu anakaa kajikunja kama kamba wa baharini, sindano ya chini ya uti wa mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu ila yuko macho anaongea. Mzee hicho ndo alichokiogopa, kulala macho huku anapasuliwa. Daktari akaanza kumuuliza nazi. Baba mi ni mtu wa bara, nazi mi najua ya sokoni tu, nifundishe. Basi mzee yuko nyuma ya shuka la kijani anatoa somo, kwanza kidaka, afu kitale, afu dafu, linakuja koroma, ndo nazi. Utajuaje dafu liko tayari ukiwa chini? Anamueleza rangi, anamueleza sauti ya kugonga. Daktari anauliza tena, na koroma linafaa nini, huku mikono inafanya kazi. Dakika kama arobaini. Akasikia baba tumemaliza. Hee, mmemaliza nini, sijafika kwenye tui.

Maji yaliyotoka ni lita moja na nusu na zaidi kidogo. Nimeona kile chombo. Lita moja na nusu mtu anatembea nayo katikati ya miguu.

Ule utando wanaupunguza na kuugeuza nje ndani ili maji yasipate mfuko wa kujaa tena, ndo tofauti na ile ya sindano. Anaachiwa kimpira kidogo cha kutoa damu kinachotolewa baada ya siku moja mbili, na anavaa chupi ya kubana inyanyue mfuko. Hiyo chupi ndo kitu pekee tulichonunua, pamoja na chakula na nauli. Operesheni na dawa vilikuwa bure kweli, sikuombwa hata mia na mtu, hilo nalisema maana najua mnasubiri niseme.

Nilimuuliza

Jioni ya siku hiyo nilimkuta nyuma ya thieta kakaa ngazini anakula muhogo wa kuchemsha na chai, kavua viatu. Nikamshukuru afu nikajikuta namuuliza swali la kijinga: daktari bingwa kama wewe, unaacha mjini unakuja kuhangaika na mabusha?

Hakuchukia. Akasema zamani nae alikuwa anataka operesheni kubwa, zile za saa nane ambazo madaktari wanasimuliana kwenye chai. Akazifanya. Akasema kuna miaka alikuwa anatoka thieta hajui hata sura ya mtu aliyempasua, anajua ini tu, anajua utumbo tu, anarudi nyumbani anakula anawaza kwanini alisomea hii kitu. Afu akatumwa kambi kama hii kuziba nafasi ya mtu, hakutaka. Mgonjwa wa kwanza akamuuliza baada ya operesheni, daktari naruhusiwa kuvaa suruali? Suruali tu. Tangu hapo ndo akaanza kuuliza lile swali lake la umeacha nini, kwa kila mtu, hata anayekuja na jipu. Akacheka akasema hii kazi haina sifa, hakuna anayeposti picha ya busha.

Nikataka kumuuliza zaidi ila akavaa viatu, kuna mtu wa siku iliyopita alikuwa anavuja damu kuliko kawaida. Muhogo kauacha nusu.

Mi sijui kama kuna kozi wanafundishwa hiyo. Kama ipo, wengi hawakuhudhuria, nimeshapeleka wagonjwa hospitali kadhaa maishani na nimeona madaktari wazuri wa mikono ambao wakimaliza wewe unajiona kama gari limetoka gereji.

Wodi

Safi kwa ujumla, manesi wa usiku wapole, yule wa kiume hasa. Chakula unajiletea.

Ila jamani vyandarua! Wodi ya wagonjwa wa minyoo inayoletwa na mbu, vyandarua vina matundu ya kupita njiwa. Na choo cha nyuma shimo lake liko wazi, maji machafu yametuama, na mbu wa matende ndo anapenda hayo hayo, maji ya vyooni na mitaro. Nikamlalamikia bwana afya, akanisimulia kitu sikukijua, kwamba Makunduchi kule Unguja mwaka 1988 walimwaga vipunje vyepesi vya plastiki, vile vyeupe kama vya kufungashia tivii, juu ya maji ya mashimo ya vyoo, vinaelea vinatanda, mbu hapati pa kutagia, na mbu wakapungua sana. Mwaka 1988! Nikamwambia sasa na hili shimo lenu je. Akasema analifuatilia. Haya. Na wenzetu Togo walithibitishwa kumaliza matende kama tatizo la afya ya jamii 2017, Malawi 2020, sisi bado tunafuatilia shimo.

Baada ya kurudi

Wiki ya kwanza mzee aliingiwa na hofu, uvimbe upo, anasema limerudi. Tukapiga namba tuliyopewa, akapokea daktari mwenyewe, akauliza kuna joto, kuna usaha, kuna maumivu yanayozidi? Hakuna. Akasema uvimbe wa jeraha unachukua wiki kadhaa baba, tulia, usibebe kitu kizito. Ukapungua kweli. Siku ya kurudi kliniki yeye hakuwepo, kahamia kambi nyingine, tukapokelewa na daktari kijana. Kafungua faili, kaangalia jeraha, akasema limepona vizuri. Nikadhani ndo basi. Akasoma ule mstari wa bluu, akauliza: kati ya hivi baba, umerudia kipi?

Kumbe kawaambukiza.

Mzee akasema safu ya mbele bado, magoti. Safari hii ni magoti kweli, umri. Harusi kaenda moja, kavaa suruali, mama kaipiga pasi mara mbili. Baiskeli kaniomba nimrudishie, na hiyo inaniuma maana nilishazoea. Kukwea tumemkataza sisi, kaja na hoja daktari hajakataza moja kwa moja kasema tu asubiri mwezi na nusu, tukamwambia baba una miaka sitini na. Tumekubaliana anasimama chini anaelekeza vijana, anawatukana wakikata kitale wakidhani dafu. Madafu anakunywa mawili kwa mpigo, anamtazama kila anayepita.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia, wanakuja watu usiku. Baada ya isha, mmoja mmoja, wanagonga, wanasema tumekuja kumjulia hali mzee. Wanakaa barazani, taa wanaomba ipunguzwe. Mi na mke wangu tunaingia ndani tunawaacha. Unasikia tu mzee anauliza kwa sauti ya chini, na wewe ndugu yangu, umeacha nini?

Kwahiyo nyota nne. Daktari angekuwa anapewa peke yake ningempa zote na za mwaka ujao. Iliyokatwa ni ya kaunta, vyandarua na lile shimo.

Mnaoniuliza kambi ijayo lini mi sijui, ulizeni ofisi ya mganga mkuu wa wilaya yenu, au zahanati. Mkipata tangazo nendeni na mkeka, kikoi cha kubadilisha, chupi za kubana mbili nunueni mapema sokoni maana pale nje ya geti wanauza bei mbaya, na chakula cha anayesindikiza. Chandarua pia bebeni.